Tujenge Pamoja na Watoto Wetu

Masomo: Nehemia 3:1-12, Kumbukumbu la Torati 6:6-7, Mathayo 2:13-15



Nawasalimu nyote katika jina la Bwana wetu, ninyi wa vijiji vyote vya makazi haya, na hasa familia zilizofika juzi ambazo bado zinalala kituo cha mapokezi. Karibuni. Ujumbe wa mwezi huu utawafanya wengine wacheke mwanzoni, kwa sababu nataka kuzungumza nanyi juu ya ndege.

Hapa kwetu neno ndege lina maana moja tu. Mtu akisema "fulani amepata ndege", hakuna anayeuliza ni ndege gani. Ni ile ya kwenda nchi ya tatu. Tumeingojea miaka mingi. Wako waliouza mbuzi, wako walioacha shamba lao bila kulima msimu mzima, kwa sababu walikwisha pimwa afya na kuambiwa wajiandae. Halafu mwanzoni mwa mwaka 2025 safari za kwenda Marekani zilisimamishwa, na watu waliokwisha funga mabegi wakaanza kuyafungua. Nilikaa na familia moja jioni ile. Baba alikuwa ameketi juu ya begi. Mtoto wake mdogo aliuliza swali moja tu, "Papa, tunaenda lini?", na baba hakumjibu. Hakumjibu jioni ile, wala kesho yake, wala juma lile zima. Baba yule si mtu mbaya. Alikuwa hana neno la kusema. Lakini mtoto alikaa na kimya kile peke yake.

Ndugu zangu, kimya kile kimeingia katika nyumba nyingi hapa. Hicho ndicho ninachotaka tukiangalie.

Nianze na dhambi yangu mwenyewe, maana si vizuri mchungaji aanze na za wengine. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na waya niliotunza kwa ajili ya kukaza uzio wa kuku. Siku moja nimerudi kutoka kwenye mgao, waya haupo. Kijana wangu, wakati ule ana miaka 9, alikuwa ameutengenezea ndege. Mabawa ameyakata kutoka kopo la mafuta ya mgao, magurudumu ni ya ndala iliyokwisha, na mbele kuna propela iliyozunguka kweli akikimbia nayo. Nilimchapa. Kisha nikaukunjua ule waya mbele ya macho yake, mkunjo kwa mkunjo, mpaka ndege ikaisha. Uzio ukakazwa. Kuku wenyewe waliibiwa mwezi uliofuata. Mtoto hakutengeneza kitu tena kwa muda mrefu, na nilipomwuliza kwa nini, akasema tu, "Papa, wewe hutaki."

Nimehubiri miaka mingi juu ya Kumbukumbu la Torati sura ya 6, kwamba maneno ya Mungu tuwafundishe watoto tukiwa tumeketi nyumbani, tukitembea njiani, tukilala na tukiondoka. Nimewaambia wazazi wengine hivyo. Lakini angalieni vizuri: Mungu hakusema tuwaite watoto tuwapange mstari tuwahubirie. Alitaja mambo ya kila siku. Mtoto anafundishwa pale ambapo baba na mama wanafanya kitu naye yupo. Sasa mimi nilikuwa nafundisha nini siku ile ya waya?

Tufungue Nehemia sura ya 3. Wengi wetu tunairuka sura hii kwa sababu imejaa majina. Kumbukeni hali yao. Ni watu waliorudi kutoka uhamishoni, mji umebomoka, malango yameteketezwa kwa moto, adui anawacheka. Nehemia akagawa ukuta, kila jamaa na kipande chake. Ndipo katika mstari wa 12 tunamkuta mtu aitwaye Shalumu, mwana wa Haloheshi, kiongozi wa nusu ya wilaya ya Yerusalemu. Biblia inasema kwamba alijenga kipande chake akiwa pamoja na binti zake. Imesimama hapo, katika mstari mmoja, na hawatajwi tena popote.

Mimi namwona huyu Shalumu. Alikuwa mkubwa. Angeweza kusema, "Nitatuma vibarua." Mstari wa 5 unatuambia kwamba wakubwa wa Tekoa walikataa kuinama kufanya kazi, na aibu yao imeandikwa mpaka leo. Shalumu aliinama. Na hakuwaambia binti zake wakae nyumbani wangojee ukuta umalizike. Walibeba mawe, wakachafuka, labda wakaponda vidole. Ukuta ulikamilika kwa siku 52 (Nehemia 6:15). Baada ya hapo, kila mara binti wale walipopita pale na vyombo vyao vya maji, walijua ni jiwe gani waliliweka wenyewe.

Sasa turudi kwenye ndege. Wengi tumesikia kwamba ndege yenye injini ilirushwa kwanza na ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba baba yao alikuwa mtumishi wa Mungu, askofu Milton Wright wa kanisa la United Brethren. Kazi yake ilimsafirisha sana, na familia ilihamishwa mara nyingi kutoka mji hadi mji. Watoto wale walijua maana ya kuwa mgeni shuleni. (Sisemi ni sawa na sisi. Wao walihama na vitanda vyao na vitabu vyao, na hakuna aliyewafukuza.)

Mwaka 1878, wakati Wilbur ana miaka 11 na Orville ana miaka 7, baba alirudi safari na kitu kidogo mkononi. Kilikuwa ni kitu cha kuchezea kilichobuniwa na Mfaransa Alphonse Pénaud: mwanzi, kizibo na karatasi, na mpira uliosokotwa. Ukiuachia mpira, propela zinazunguka na chombo kinapanda juu. Watoto wakakiita popo. Hakikudumu, vitu vya watoto havidumu, lakini wao wakatengeneza kingine, na kingine tena. Walipojaribu kukitengeneza kikubwa zaidi, kikakataa kupanda. Baadaye sana walielewa sababu yake: chombo ukikiongeza ukubwa mara 2, kinahitaji nguvu mara 8. Lakini utotoni walijua tu kwamba kidogo kinaruka na kikubwa kinaanguka.

Na mama yao? Mama yao, Susan, ndiye aliyekuwa fundi wa nyumba ile. Baba yake Susan alikuwa mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi, na Susan alikulia katika karakana akijua kushika vyombo vya kazi. Watoto wakitaka kujua jinsi ya kutengeneza kitu, walimwendea mama. Akina baba, msikasirike, ndivyo historia ilivyo. Akina mama mnaolea peke yenu hapa makazini, na mko wengi, msiseme ujumbe huu ni wa wenye waume.

Familia ile haikukosa majonzi. Wilbur alipigwa usoni katika mchezo alipokuwa kijana, akaumia vibaya, na matumaini ya kwenda chuo kikuu yakaisha. Wakati huohuo mama yake alikuwa anakufa polepole kwa kifua kikuu. Wilbur alibaki nyumbani akimwuguza, akambeba kumpandisha na kumshusha ngazi, mpaka alipofariki mwaka 1889. Hakuna hata mmoja wa ndugu wale aliyepata shahada ya chuo. Walifungua duka la kutengeneza baiskeli. Nataka vijana wetu ambao shule imewakatikia njiani wasome sehemu hii mara mbili.

Kuanzia mwaka 1899 wakaanza kazi ya ndege. Walianza na tiara kubwa, kisha chombo kisicho na injini kinachobebwa na upepo. Mwaka 1901 kilifanya vibaya kiasi kwamba walirudi nyumbani wamevunjika moyo. Badala ya kuacha, walijenga sanduku refu la mbao, wakaweka feni upande mmoja, na ndani yake wakapima vibawa vidogo vya maumbo karibu 200, kimoja baada ya kingine. Injini ilitengenezwa na fundi wa duka lao, Charlie Taylor, kwa majuma kama 6 hivi. Nguvu ya injini ilipelekwa kwenye propela kwa cheni kama za baiskeli. Kitambaa cha mabawa walikishona kwa cherehani. Gharama yote haikufika dola 1,000. Tarehe 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa pwani karibu na Kitty Hawk, Orville alikaa hewani sekunde 12, akaenda mita 36 hivi. Ni mfupi kuliko mstari wetu wa maji pale bombani. Siku hiyohiyo Wilbur akafikisha sekunde 59 na mita 260. Kisha upepo ukaipindua ile ndege na kuivunja, nayo haikuruka tena. Wakampelekea baba yao simu ya maandishi kwamba wamefaulu na watakuwa nyumbani Krismasi.

Lazima niseme jambo moja, maana wengine mnaposikia mlio wa ndege hamfikirii Krismasi. Mnafikiria mabomu. Nawajua watoto katika kanisa hili ambao helikopta ikipita wanaingia chini ya kitanda. Ndiyo, chombo kile kilichukuliwa vitani haraka. Mwaka 1911 ndege ya Waitalia ilikwisha angusha mabomu huko Libya. Kazi ya mikono ya mwanadamu inaweza kugeuzwa. Sitaki kulificha hilo. Lakini vilevile sitaki waliotupiga mabomu wawe ndio wenye neno ndege peke yao katika vichwa vya watoto wetu.

Mzee Milton hakuwa malaika. Katika mambo ya kanisa alikuwa mtu wa msimamo mkali, na kanisa lake liligawanyika mwaka 1889 yeye akiongoza upande mmoja. Pia aliogopa kupoteza wana wawili kwa ajali moja, kwa hiyo walimwahidi hawatapanda pamoja. Tarehe 25 Mei 1910 aliwaruhusu mara moja tu. Baadaye siku hiyohiyo Orville akampandisha baba yake mwenyewe, mzee wa miaka 81, ambaye hakuwahi kuruka. Wanasimulia kwamba huko juu mzee alimwinamia mwanawe sikioni. Orville alifikiri ameogopa. Kumbe alikuwa anamwomba apande juu zaidi.

Fikirini, wapendwa. Miaka 32 imepita tangu alete kile kitu cha mpira na karatasi. Mtoto wa miaka 7 sasa ndiye anayembeba baba.

Nilipozisoma habari hizi nilikumbuka waya wangu, na sikulala vizuri. Nikamwita kijana wangu, sasa ni mkubwa, na dada yake wa miaka 12, nikasema, "Tutengeneze popo." Walinitazama kama mtu mwenye malaria. Tulikwenda ziwani kutafuta matete makavu. Mpira tulitumia ile midogo ya kufungia noti, tukaiunganisha. Karatasi tulitoa kwenye daftari lililojaa. Cha kwanza kilianguka palepale. Cha pili kilizunguka chini kama kuku aliyechinjwa, na majirani wakaja kucheka pasta. Kijana akataka kikubwa; nikamwacha ajaribu ingawa nilijua habari ya mara 8. Kilikataa, akajua mwenyewe.

Lakini sikuandika haya kwa sababu ya popo. Binti yangu ni mtoto mkimya. Tangu tulipovuka mpaka hakuwahi kusema lolote juu ya njia, nasi tulifikiri amesahau, alikuwa mdogo. Siku ya tatu ya kazi yetu, akiwa anasokota mpira, bila kuniangalia, akaanza kusimulia juu ya bibi yake, siku tulipomwacha. Mimi habari ile niliijua, nilikuwepo. Sikujua kwamba yeye aliona. Alieleza kitambaa bibi alichovaa, na upande aliokuwa ameelekea. Nilitaka kutupa kisu nimkumbatie, lakini niliona kwamba mikono ikisimama na maneno yatasimama. Nikaendelea kuchonga tete. Akasema yote. Kisha akasema, "Papa, upande huu ni mzito kuliko ule," na ilikuwa kweli.

Ningemwita nikasema, "Keti hapa, niambie kinachokuumiza," asingesema. Nimewahi kumwuliza hivyo, na aliniambia hakuna kitu. Watoto wengi hawawezi kusema uchungu wakiangaliwa usoni. Wanasema mkiwa mnaangalia kitu kingine wote wawili.

Kuna watu katika nchi nyingine ambao hujenga ndege halisi nyumbani, baba, mama na watoto, kwenye banda la gari. Nchini Marekani sheria inawaruhusu, kwa sharti kwamba waliofanya hivyo kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha wawe wamejenga wenyewe zaidi ya nusu ya kazi. Mkaguzi anakuja kuitazama kabla haijaruka. Afrika Kusini, mwaka 2019, vijana wapatao 20 waliunganisha ndege ya viti 4 kutoka vipande vya kiwandani, na ikarushwa kutoka Cape Town mpaka Cairo, safari ya kilomita kama 12,000, na mmoja wa marubani alikuwa msichana wa miaka 17. Bati za ndege kama hizo hufungwa kwa riveti, maelfu na maelfu. Riveti ikikaa vibaya hairuhusiwi kubaki, maana siku moja itabeba uhai wa mtu. Inatobolewa taratibu, inatolewa, inawekwa nyingine. Lakini anayeitoa anajihadhari asiharibu bati, kwa sababu bati ndilo lenye thamani.

Mzazi mwenzangu, hapo nilisimama kidogo. Sisi tunaona kosa la mtoto, tunapiga mpaka bati linapasuka. Sikusema kosa liachwe. Baba anayeacha riveti mbaya kwa sababu ya huruma anamwua mtoto wake polepole, na hapa tunao vijana wa pombe na wa usiku ambao wazazi waliona kila riveti wakanyamaza. Mithali inasema wazi juu ya kurudi watoto. Lakini toboa kosa, usitoboe mtoto. "Mjinga wewe" si ukaguzi.

Wengine mtasema, "Pasta, hatuna kitu. Mgao umepunguzwa, wewe unatuletea ndege." Nawaelewa. Tumbo tupu halisikii mahubiri, nami pia nina tumbo. Basi msijenge ndege. Jengeni jiko la udongo. Jengeni banda la sungura, choo, kitanda cha matete. Kutoka sura ya 2 inatuonyesha mama mtumwa aliyetengeneza chombo cha mafunjo na lami kwa mikono yake, na binti yake akasimama mbali kukilinda. Mafunjo tunayo, yapo kule ziwani, na hayapitii kwenye kadi ya mgao. Ninachoomba ni kwamba mtoto awepo, na ashike kitu, na sehemu yake iwe ya kweli. Kumpa mtoto kazi ya kuchukua maji tu wakati wewe unajenga ni kumfanya kibarua. Mpe nusu. Ikiwezekana, mpe zaidi ya nusu.

Nakumbuka pia Yusufu. Mathayo sura ya 2 inamwonyesha akikimbia usiku na mama na mtoto kwenda Misri. Alikuwa fundi. Biblia haituambii walikaa wapi huko wala walikula nini. Lakini kazi ya fundi haiachwi nyuma kama nyumba, huenda na mtu. Na katika Marko 6:3 watu wa Nazareti wanamwita Yesu mwenyewe fundi seremala. Alijifunza kwa nani, kama si kando ya mtu aliyemwacha ashike msumeno kabla hajajua kuushika?

Yule baba wa begi, nilimtembelea tena mwezi uliopita. Begi bado lipo, limewekwa juu ya mbao ukutani. Sijui kama ndege yao itakuja, na sikumdanganya. Nilimkuta nje na mtoto wake wakipigilia mguu wa benchi. Mtoto alikuwa ameshika nyundo kwa mikono miwili, na msumari ulikuwa umepinda. Baba aliung'oa, akaunyoosha juu ya jiwe, akamrudishia. Nikawauliza nikae wapi. Wakanionyesha chini, kwa sababu benchi halijaisha.

Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya kipindi cha vijana, tutakutana nyuma ya kanisa kutengeneza popo na vitu vingine. Kila mzazi aje na mtoto walau mmoja. Wasio na wazazi waje, wazee wa kanisa watakuwa nao. Leteni kisu, matete makavu, mipira ya kufungia noti na karatasi zilizokwisha andikwa. Wenye makopo ya mafuta msiyauze juma hili. Waya nitaleta mimi.

Mtumishi wenu katika Bwana.